Shairi Linalosubiri Jibu

Ukifungua ukurasa wa mashairi katika magazeti ya zamani ya Kiswahili, ya Dar es Salaam au ya Nairobi, utamtambua mtunzi mzoefu kabla hujafika ubeti wa pili. Mgeni wa fani huingia na hoja yake mkononi: ulevi mbaya, elimu nzuri, vijana wamepotoka. Mzoefu hubisha hodi. Humsalimu mhariri, humwomba nafasi, hueleza anamwendea nani na kwa jambo gani, na pengine huomba radhi kwa kukaa kimya muda mrefu, kana kwamba watu walikuwa barazani wakimngoja. Ubeti mzima huishia kwenye adabu hizo, na zote zimo ndani ya vina. Mhakiki mwenye haraka atasema ubeti umepotea bure. Mimi naona ndio uliobeba mzigo wa shairi, kwa sababu kabla msomaji hajajua ataambiwa nini, ameshajua kuwa anasemeshwa yeye.

Watunzi hao hawakuwa na mwajiri wa kalamu. Walikuwa makarani, walimu wa shule, masheikh, wakulima, askari, mafundi. Aghalabu shairi la gazetini halikulipwa kitu. Mtunzi alinunua karatasi na stempu kwa fedha yake, akatia bahasha posta, akangoja. Hakuwa na wakala wala mtu wa kumpigia debe. Alichokuwa nacho ni wasomaji tu, na hao hakupewa na mtu. Aliwapata mmoja mmoja kwa ufundi. Ufundi huo ndio ninaotaka kuutazama hapa taratibu, maana shuleni tumeufundisha kama hesabu ya silabi, tukasahau kwamba ulikuwa pia ufundi wa kuishi na watu.

Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la kila mwezi mjini Dar es Salaam, nalo likaitwa Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni na hakuna haja ya kulipamba: lilisema yale ambayo serikali ilitaka yasemwe. Lakini lilitoa nafasi kwa mashairi ya wasomaji, na nafasi hiyo ikafanya jambo ambalo huenda wakubwa wa idara hawakulikusudia. Kabla ya hapo utunzi wa Kiswahili uliokuwa ukiheshimiwa ulikaa zaidi katika miji ya pwani na visiwani, Lamu, Pate, Mombasa, Pemba, ukiandikwa kwa herufi za Kiarabu na kupita mkono kwa mkono. Sasa mtu wa Kigoma, Tabora au Dodoma aliyejua herufi za Kirumi aliweza kuweka jina lake chini ya beti sita na kusomwa na watu ambao asingewaona maishani. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, aliyekuwa karani wa forodha, alichapisha mashairi yake humo. Nyuma yake kikaja kizazi kizima kilichokuzwa na magazeti, na wengi wao hawakuwa watu wa pwani: Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, Amri Abedi alizaliwa Ujiji, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Mshairi wa Lamu ya zamani aliwajua wasikilizaji wake kwa sura na kwa ukoo. Mshairi wa gazetini aliwaandikia watu asiowajua, wa kabila asilolijua, katika mji ambao pengine hajaufika. Ilibidi atafute njia ya kuwafanya wawe jirani zake, na njia aliyoipata ilikuwa imelala ndani ya umbo la shairi lenyewe muda wote.

Chukua mizani. Shairi la kawaida la tarbia lina mishororo minne, kila mshororo umegawanyika vipande viwili, na kila kipande kina mizani 8. Hivyo mshororo una 16 na ubeti mzima una 64. Hebu tutunge mshororo mmoja wa mfano: Nauliza wenye nyumba, mlangoni nani yupo. Hesabu kwa vidole: na-u-li-za we-nye nyu-mba, nane. M-la-ngo-ni na-ni yu-po, nane. Ile m ya mlangoni inasimama peke yake na kuhesabiwa, ilhali ile ya nyumba imeungana na b na haihesabiwi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuyajua haya, na uzuri wake uko hapohapo. Mtunzi na msomaji wake wote wanaijua sheria. Mtunzi akizidisha mizani moja, fundi cherehani wa Morogoro anayesoma gazeti akingoja wateja atamkamata, na wiki zijazo huenda akamwandikia kumwambia.

Sijui fani nyingine ya maandishi inayompa msomaji wa kawaida mamlaka ya namna hii. Insha ukiisoma, unaweza kuipenda au kuichukia, lakini huna kipimo ambacho wewe na mwandishi mmekubaliana tangu mwanzo. Kwenye shairi la arudhi msomaji ni mwamuzi mwenye filimbi. Anasoma kwa makini kwa sababu anaweza kumnasa mtunzi, na mtunzi naye anatunga kwa makini kwa sababu anajua atanaswa. Heshima kati yao inazaliwa kwenye ukaguzi huo. Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, wapo walioona ni kitabu cha kuwafunga watunzi. Mimi nakiona ni kitabu kilichowapa wasomaji ufunguo wa ghala. Aliyekisoma aliweza kumhukumu mtunzi yeyote, Amri mwenyewe akiwamo, ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na waziri wa sheria.

Mizani zilikuwa na kazi nyingine ya siri kidogo. Gazeti moja halikusomwa na mtu mmoja. Lilinunuliwa na mwenye duka au mwalimu, likasomwa kwa sauti, na waliokuwa hawajui kusoma wakasikiliza. Nathari ikisomwa kwa sauti na msomaji dhaifu huchosha na kupoteza njia. Shairi lenye mizani sawasawa humbeba msomaji dhaifu. Akikosea, sikio linamsahihisha. Akikwama, kina cha mshororo uliotangulia kinamwonyesha neno linaloelekea kuja. Mtunzi aliyepima vipande vyake vizuri alikuwa amemfikiria mtu huyu anayesoma kwa kusitasita mbele ya watu, akamwekea njia laini asije akaaibika. Na kama msomaji aliijua sauti ya kughani, basi baraza zima lilinyamaza.

Kibwagizo nacho ni hivyo hivyo. Ni mshororo wa mwisho unaorudi kila ubeti bila kubadilika, na watunzi wavivu huutumia kujaza nafasi. Fundi huutunga wa kwanza kabla ya mengine yote, kwa kuwa anajua ndio utakaobaki. Mwezi ukiisha, gazeti limefungiwa karanga au limebandikwa ukutani, beti sita zimesahaulika, lakini kibwagizo kinatembea sokoni kikitumiwa na watu wasiojua kilitoka wapi. Kwa hiyo kibwagizo kizuri lazima kiweze kusimama peke yake kama kauli ya mtu mzima, na papo hapo kibadilike uzito kila kinaporudi: kwenye ubeti wa kwanza ni swali la kawaida, kwenye wa tatu ni lawama, kwenye wa sita ni kilio. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni yale yaliyokitangulia. Ukitaka kumpima mtunzi, fuata safari ya kibwagizo chake tu.

Sasa tufike penye utamu: fumbo.

Saadani Kandoro, mmoja wa waasisi 17 wa TANU mwaka 1954, alitunga zama za ukoloni shairi linalozungumzia siafu na nyoka. Siafu wako wengi, wadogo, wamekaza kamba. Nyoka yumo pangoni, mkubwa, mwenye sumu. Kwa juu ni habari ya wadudu na mnyama wa porini, wala hapana hakimu wa kikoloni ambaye angeweza kumshtaki mtu kwa kuwasifu siafu. Lakini kila aliyesoma au kusikia alijua nyoka ni nani na pango ni nchi gani. Mafumbo ya namna hii mara nyingi tumeyaeleza kama ngao tu, mbinu ya kukwepa kufungwa. Ni kweli, ila maelezo hayo yanaacha nusu ya jambo. Msomaji anapolifumbua fumbo, anakuwa ameifanya sehemu ya kazi ya utunzi yeye mwenyewe. Hakuambiwa kwamba mkoloni atoke, amejiambia. Jambo ambalo mtu amejiambia hashawishiki kirahisi kuliacha.

Kulipima fumbo ni kazi ngumu kuliko kuhesabu mizani, na hakuna sheria iliyoandikwa. Ukilifunga sana, wasomaji wanakata tamaa na kugeukia habari za mpira. Ukilifungua sana, wanajisikia wamefanywa watoto. Watunzi wazuri wa gazetini walijua kuacha mlango wazi kiasi cha mtu mmoja kupita kwa ubavu. Mathalani mtunzi anauliza: nina mwembe uani kwangu, nimeupanda mimi, nimeumwagilia mimi, tawi limevuka ukuta na maembe yote yanaangukia kwa jirani, je, embe ni la nani? Gazeti likitoka, mmoja anajibu kwamba huyo ni mke na mume azibe ukuta. Wa pili anasema ni mtoto aliyelelewa na mama wa kambo. Wa tatu, karani wa mahakama, anajibu kwa dhati kabisa habari ya sheria ya mipaka ya viwanja, na watu wanamcheka, lakini wanamsoma. Mtunzi amekaa kimya. Analipwa kwa kila jibu linalokwenda mbali na alilokusudia, kwa kuwa kila jibu ni mtu mmoja aliyekaa na shairi lake usiku kucha.

Na kukaa nalo usiku kucha hakukuwa hiari. Jibu lilikuwa na kanuni zake. Aliyejibu alimtaja mwenziwe kwa jina na kwa heshima, akamwita bwana, sheikh, ustadhi au kaka kadiri ya umri na cheo, akamjulia hali, ndipo akaingia kwenye ubishi. Wengine walijifunga kujibu kwa bahari ileile, yaani umbo lilelile la shairi, na waliobobea kwa vina vilevile. Jaribu uone. Kama mwenzio ametumia vina vya -ta na -mo, huwezi kumjibu kwa kusoma kichwa cha shairi tu. Utakwenda nalo shambani, utakwenda nalo kuoga, utatafuta maneno yanayoishia -mo mpaka kichwa kiume, na katika kutafuta huko utajikuta unayarudia maneno yake, unayapima, unagundua kuwa katika ubeti wa nne alikuwa na hoja ambayo hukuiona. Mimi naamini hii ndiyo siri ya ustaarabu wa malumbano yale. Matusi yalikuwapo, tena makali, maana washairi ni watu wenye kiburi. Lakini hata tusi liliwekwa vina, na mtu hawezi kulitia vina tusi lake bila kumsoma anayemtukana.

Muda ulisaidia. Gazeti la kila mwezi lililopokea shairi Machi lisingeweza kupata jibu na kulichapa kabla ya Aprili au Mei, na barua kutoka bara ilipanda treni na kusafiri siku kadhaa. Hasira iliyosafiri hivyo hufika imepoa. Baadaye yalikuja magazeti ya kila wiki na ya kila siku, Baraza kule Nairobi, Ngurumo na Uhuru Dar es Salaam, na mwendo ukaongezeka, lakini bado kati ya swali na jibu palikuwa na nafasi ya kulala na kuamka. Leo jibu linafika kwenye simu kabla chai haijapoa, na wengi wetu tunaoandika tunafurahia kasi hiyo. Sidai turudi kwenye treni. Ninachosema ni kwamba ungojaji ule ulikuwa sehemu ya ufundi, na mtunzi mzuri aliutumia: alijua kumwacha msomaji na jambo ambalo halitachuja kwa mwezi mzima.

Kisha jina. Ubeti wa mwisho, kaditama, ulikuwa mahali pa kuagana, na watunzi wengi walitia humo jina lao na mji wao, mara nyingine hata sanduku la posta, yote yakiwa yamepimwa mizani. Wengine walijipa lakabu zikawa maarufu kuliko majina waliyopewa na wazazi. Amiri Sudi Andanenga alijulikana kwa wapenzi wa ushairi kama Sauti ya Kiza. Lakabu nzuri ni ahadi. Ukijiita hivyo, msomaji anategemea kusikia sauti ya aina fulani kila anapoliona jina hilo, na akikosa anajua amepunjwa. Na kuweka anwani ni kukubali kupatikana. Mtu aliyekasirishwa na shairi lako alijua pa kukuandikia, na aliyefiwa akaona umeyasema yaliyokuwa moyoni mwake alijua pia. Waandishi wa leo wenye vitabu madukani mara nyingi hawapatikani kirahisi hivyo.

Nimesema mshairi wa gazetini aliwaandikia watu asiowajua. Lakini ukiyasoma mashairi yaliyodumu, utaona wengi wao walifanya hila moja ya kale: walimwandikia mtu mmoja. Mwana Kupona binti Mshamu, wa kule Pate, alipotunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake. Anamwita akae karibu na kitabu na wino, anamwambia mambo ya dini, ya mume, ya nyumba. Kisha, karibu na mwisho, anawageukia wanawake wengine na kuwaalika nao wausome. Alianza na binti mmoja ndani ya chumba, akafika mwambao mzima. Shaaban Robert, karibu miaka 100 baadaye, alifuata njia hiyohiyo: Utenzi wa Hati aliuandika kwa binti yake, Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Wengi waliozisoma tenzi hizo hawakuwa wanawe, lakini walisikia kuwa kuna mtu hapa anayezungumza na mtu anayempenda, na sauti hiyo haiigiziki.

Kwa Shaaban Robert hiyo ilikuwa tabia ya kila siku. Barua zake kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, zimechapishwa kuwa kitabu, nazo zinaanzia 1931 mpaka 1958. Miaka 27 ya kumwandikia mtu mmoja. Humo yumo mtumishi wa serikali anayehangaika na kazi, familia na miswada yake, bila joho la ushairi. Nikisoma insha zake baada ya barua zile, naona ni mkono uleule; insha ni barua ambayo jina la anayeandikiwa limeachwa wazi.

Si kila kilichofanana na mazungumzo kilikuwa mazungumzo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 washairi wa Tanzania walihimizwa waeneze siasa ya Ujamaa, na ngonjera, ambazo Mnyampala alizikuza na kuzipa umaarufu, zikaenea shuleni na kwenye mikutano. Ngonjera ina watu wawili au zaidi wanaojibizana kwa beti. Mmoja hajui, mwingine anajua. Mmoja anapinga, mwingine anamwelimisha. Mwisho wote wanakubaliana na mkutano unapiga makofi. Nazipenda ngonjera zikitendwa na watoto wenye sauti nzuri. Lakini kwa jambo ninalolizungumzia hapa, zina upungufu mkubwa: anayeuliza na anayejibu wametoka kalamu moja, na jibu linajulikana kabla swali halijaulizwa. Mpinzani amewekewa maneno dhaifu ili ashindwe. Hapana hatari yoyote, na msomaji husikia mara moja kwamba hakuna nafasi aliyoachiwa.

Linganisha na Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968, akiwa kijana wa Mombasa, alisambaza kijitabu cha kuiuliza serikali ya Kenya inaelekea wapi. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na huko gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mtu aliyetengwa hivyo hana msomaji hata mmoja. Angeweza kuandika kilio tupu na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini katika shairi lake la mnazi amewaweka watu wawili, ndugu wanaogombea mnazi, na kila mmoja amepewa hoja zenye nguvu kwelikweli. Huyu akisema unaona ana haki. Yule akijibu unasitasita. Mtunzi hakumdhoofisha yeyote. Ninapolisoma shairi lile nafikiri juu ya chumba cha mfungwa, na mtu aliyenyimwa wasomaji anayejibidiisha kusikia upande wa pili kwa haki, ili siku karatasi zile zitakapotoka, atakayezisoma akute kiti chake hakijakaliwa.

Kuna mzozo mmoja siwezi kuukwepa, ingawa sitakaa nao sana. Katika miaka ya 1970 Mulokozi na Kahigi walitoa Mashairi ya Kisasa, Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani zenye mashairi huru yasiyofuata kanuni za jadi, na watetezi wa vina na mizani wakapaza sauti kwamba huo si ushairi. Mimi nampenda Kezilahabi na siwezi kumtoa katika kabati langu. Hata hivyo watetezi wa jadi walikuwa na huzuni moja ya haki ambayo hawakuieleza vizuri, kwa kuwa walishughulika zaidi na kulinda sheria. Shairi huru halijibiwi kwa shairi. Unalisoma peke yako, linakuchoma peke yako, unalifunga kitabuni. Fundi cherehani wa Morogoro hana kina cha kulishikia. Kezilahabi alipata wasomaji wa aina nyingine, wa vyuoni, na uhusiano wao naye ni wa kweli kabisa. Ila ni uhusiano wa mtu na kitabu. Ule mwingine ulikuwa wa mtu na mtu, na kitabu kilikuwa mjumbe.

Na ule mwingine haukuanza na magazeti. Muyaka bin Haji, wa Mombasa, aliyezaliwa karibu na mwaka 1776 na kufariki 1840, anasifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Aliishi zama za utawala wa Mazrui, Mombasa ikivutana na Lamu na baadaye na Sayyid Said wa Oman, na mashairi yake yalivuka bahari kama barua za uchokozi: yalikwenda Lamu, na majibu ya washairi wa Lamu yakarudi. Mengine aliyatunga kwa mambo madogo ya mtaani: mapenzi, deni, rafiki aliyemsaliti, njaa. Tena karibu kila moja lina mtu linayemwendea. Usomapo diwani yake unasikia upande mmoja wa mazungumzo, kama ukutani unamsikia jirani na humsikii anayezungumza naye.

Hakuwa na gazeti wala kitabu, na hakuacha diwani mikononi mwa mchapaji. Mashairi yake yalibaki katika vichwa na katika karatasi za watu. Kizazi cha baadaye Mwalimu Sikujua, mshairi wa Mombasa aliyefariki 1890, aliyakusanya na kumsaidia William Taylor, mmisionari Mwingereza, kuyaandika. Ndipo mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo cha Muyaka, William Hichens alipoyachapisha mjini Johannesburg. Mwalimu Sikujua hakutoa mashairi matupu. Pamoja na beti alitoa maelezo: hili lilitungwa siku fulani, lile lilimjibu fulani, hapa Muyaka alikuwa amekasirika, pale alikuwa anatania. Kwa mashairi mengine maelezo yalikosekana, waliokuwa wanajua wakiwa wameshafariki, na hayo wasomi bado wanayabishania, kila mmoja na dhana yake ya nani aliyekuwa anasemwa.